Kupona saikosisi ukiwa kijana transi Uganda: mwongozo kamili kwako na kwa anayekuuguza

Saikosisi humtenga mtu na uhalisia. Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaamini bila kutikisika mambo yasiyokuwepo, au maneno yake yanachanganyika hadi waliomzoea wanashindwa kumfuata. Hali hii inatibika, na anayewahi matibabu ana nafasi nzuri zaidi ya kurudi shuleni, kazini na kwa watu wake. Nimemwandikia kijana transi (yaani ambaye jinsia anayoijua ndani yake si ile aliyoandikiwa alipozaliwa) aliye Uganda, ambaye ametoka katika kipindi hicho au bado yumo, pamoja na yule mmoja au wawili wanaomuuguza: mama, dada, shangazi, rafiki wanayekaa naye chumba kimoja.

Ninalolisisitiza ni hili: ugonjwa wako na jinsia yako ni mambo mawili. Ugonjwa utibiwe kwa nguvu zote, bila kuona haya na bila kukatiza dawa. Jinsia yako haihitaji tiba ya saikosisi. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya kuwa transi katika sura ya magonjwa ya akili kwenye toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Anayekuuguza akiyachanganya mawili haya, ataanza kugombana nawe juu ya nguo na jina wakati ambapo kinachotakiwa ni usingizi, chakula na vidonge.

Siku za kwanza

Nenda kwenye kituo kinachofikika. Hospitali za rufaa za mikoa, kama za Arua, Gulu, Mbale, Jinja, Masaka na Mbarara, zina vitengo vya afya ya akili. Kampala ipo Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoanza mwaka 1955. Katika wodi za kawaida za serikali matibabu ni bure, ila dawa huisha stoo mara kwa mara, kwa hiyo familia iweke akiba ya kununua famasi.

Kama ni mara ya kwanza, usikubali kuondoka na jina la ugonjwa tu bila kupimwa. Malaria kali humchanganya mtu. Vivyo hivyo VVU, kaswende iliyokaa mwilini miaka mingi, sukari iliyoshuka, kifafa na matatizo ya tezi ya thairoidi. Omba vipimo hivyo vinavyowezekana. Taja bangi, mairungi (miraa), waragi (pombe kali) na chochote kingine ulichotumia, hata kama mama yako amekaa pembeni; muombe atoke kidogo kama ni lazima. Kama unameza dawa za VVU, zitaje kwa majina, kwa sababu efavirenzi, iliyotumika miaka mingi, inaweza kuleta ndoto za kutisha na hata saikosisi kwa baadhi ya watu.

Kuna familia zitakazotaka kwenda kwanza kwa mchungaji, kwa shehe au kwenye abila, yaani kibanda cha mizimu. Sala na vidonge vinakaa pamoja bila ugomvi. Kinachodhuru ni mgonjwa kufungwa kamba, kunyimwa chakula, kupigwa ili "pepo la ushoga" litoke, au kuambiwa aache dawa ili aonyeshe imani. Yakianza hayo, mwondoe hapo siku hiyo hiyo.

Mambo haya hayangoji asubuhi: kutaka kufa, sauti zinazoamuru ajidhuru au amdhuru mtu, kukataa maji na chakula, na homa kali pamoja na mwili kukakamaa baada ya kuanza dawa. Hilo la mwisho ni nadra lakini linaua. Mpeleke dharura na useme waziwazi ni dawa gani anameza.

Umwambie musawo (mhudumu wa afya) nini, na kiasi gani

Vijana wengi hapa huficha kila kitu, au humwaga kila kitu kwa mtu wa kwanza mwenye koti jeupe. Njia salama ni kusema kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza ni ya kila anayekutibu: dalili zako, ulivyolala, ulichotumia, na dawa zote zilizomo mwilini, homoni zikiwemo. Unaweza kusema, "Musawo, nachoma testosteroni, dozi hii, kila baada ya siku hizi," ukaishia hapo. Bila habari hiyo anaweza kukupa dawa inayogongana na homoni zako.

Ngazi ya pili ni jina. Faili litafuata kitambulisho cha taifa, lakini unaweza kuomba uitwe kwa jina la ukoo, kama lako halionyeshi jinsia. Jina la namna hiyo halimwambii lolote aliyekaa benchi la pili.

Ngazi ya tatu, kwamba wewe ni transi, mpe mhudumu mmoja uliyempima kwanza. Muulize hivi: "Haya ninayokueleza yanaandikwa wapi, na nani anayasoma?" Atakayekujibu kwa utulivu anafaa. Atakayecheka au kumwita mwenzake asikie, mpe ngazi ya kwanza tu. Omba pia jambo hilo lisiandikwe kwenye daftari lako la matibabu, maana daftari hilo hufunguliwa kwenye kila dirisha na hulala mezani nyumbani.

Ni muhimu ujue sheria inasema nini. Sheria ya Kupinga Ushoga ilitiwa saini tarehe 26 Mei 2023. Muswada uliopitishwa na Bunge Machi mwaka huo ulitaka hata kujitambulisha kuwa transi kuwe kosa, lakini kipengele hicho kiliondolewa kabla ya saini. Sheria iliyobaki inaadhibu kwa ukali mkubwa vitendo vya ngono kati ya watu wa jinsia moja, na kile inachokiita kuhamasisha ushoga. Kifungu cha 14, kilicholazimisha watu kuripoti polisi, kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba tarehe 3 Aprili 2024. Kwa hiyo sheria hiyo haimlazimishi musawo kukuripoti. Wizara ya Afya nayo iliviandikia vituo Juni 2023 kwamba asibaguliwe yeyote anayetafuta huduma. Hata hivyo karatasi haizuii mdomo wa mtu, ndiyo sababu nasema upime kwanza. Ukipata matatizo na polisi, shirika la HRAPF (Human Rights Awareness and Promotion Forum) la Kampala limekuwa likitoa msaada wa kisheria kwa watu wa jamii hii. Mtu wako wa karibu ajue jinsi ya kulipata kabla jambo halijatokea.

Ukilazwa, huenda ukapangiwa wodi kufuata kitambulisho. Omba kitanda karibu na meza ya manesi, omba uoge saa ambayo bafu ni tupu, na mtu wako aje kila siku aonekane anakuja. Mgonjwa mwenye mtu huheshimiwa zaidi. Ni kweli inayouma, itumie.

Daktari akisema utransi wako ndio ugonjwa

Usibishane kuhusu siasa wala dini. Mpe mfululizo wa matukio: "Nilijijua hivi tangu darasa la tatu. Sauti zimeanza mwezi huu." Anayekuuguza aandike miaka na matukio kwenye karatasi, kwa sababu mgonjwa wa saikosisi akisema peke yake huenda asiaminiwe. Mtu aliyejitambua hivyo miaka mingi kabla ya kuugua, na akabaki hivyo dalili zilipoisha, hana dalili ya ugonjwa hapo.

Lazima niwe mkweli upande wa pili pia. Wapo wachache ambao wazo juu ya jinsia yao lilizuka ghafla katikati ya saikosisi na likaondoka pamoja nayo. Kama swali lako lilianza wakati ukiwa mgonjwa, usilitupe wala usilikimbilie. Lipe miezi kadhaa ya kichwa kilichotulia. Hata aliyejijua tangu utotoni, namshauri asubiri utulivu kabla ya kuanza homoni kwa mara ya kwanza au kuuambia ukoo mzima kwenye kikao cha msiba. Jina lako miongoni mwa wanaokupenda, na nguo zako ndani ya chumba salama, havihitaji kusubiri chochote.

Dawa

Utakazokutana nazo sana ni haloperidoli na klopromazini, ambazo ni za zamani, na risperidoni na olanzapini. Ipo pia sindano ya flufenazini inayochomwa takriban mara moja kwa mwezi. Inamfaa anayesahau vidonge, au asiye na mahali pa kuvificha katika nyumba yenye watu wengi.

Shingo kupinda, ulimi kukakamaa au macho kukwama yakitazama juu si uchawi. Ni madhara ya dawa, hasa haloperidoli, na yanaondoka upesi kwa dawa kama benziheksoli. Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Madhara mengine ni kushindwa kukaa, kutembea chumba kizima kwenda na kurudi huku ndani kunawaka. Familia hudhani ugonjwa umerudi, wakaongeza dozi, hali ikazidi. Muulizeni musawo kabla ya kuongeza.

Risperidoni inaweza kupandisha homoni iitwayo prolaktini. Matokeo yake ni matiti kukua au kutoa maziwa, na hedhi kuvurugika. Kwa mwanaume transi hilo linaweza kuwa mateso kiasi cha kutupa vidonge chooni. Usivitupe. Mwambie daktari, "Kifua kinakua na sitaweza kuendelea hivi, nipe nyingine." Hiyo ni sababu halali ya kubadilishiwa, na huhitaji kueleza zaidi. Mwanamke transi asiongeze dozi kwa ajili ya athari hiyo. Olanzapini huleta njaa na uzito, kwa hiyo pima uzito na sukari. Valproeti, inayotolewa kwa wenye kupanda na kushuka kwa hisia, hudhuru mimba vibaya, na mwanaume transi mwenye mji wa mimba ahakikishe anayemtibu anajua hilo. Testosteroni haizuii mimba hata hedhi ikikoma.

Utameza kwa muda gani? Baada ya saikosisi ya kwanza, ushauri wa kawaida ni kuendelea angalau miezi 12 tangu dalili ziishe kabisa, ndipo kupunguza kuzungumzwe. Kupunguza huenda polepole na daktari akiangalia. Wengi huacha wanapojisikia vizuri, na hapo ndipo ugonjwa hurudi.

Homoni wakati wa kupona

Kama ulikuwa unatumia homoni, usiziache ghafla kwa kuogopa. Kushuka kwake kwa haraka kunaweza kuvuruga hisia wakati ambao tayari umechoka. Lakini pia usizirudie kimyakimya. Testosteroni ikizidi sana inaweza kuchochea msisimko mkali na hata saikosisi, na sindano hupandisha kiwango siku za mwanzo kisha kukishusha. Weka alama kwenye kalenda: siku ya sindano, saa ulizolala, siku sauti zilipokuwa kali. Baada ya miezi miwili kalenda hiyo itamfundisha daktari mengi kuliko maelezo yako ya mdomo.

Wanawake transi wengi hapa hununua vidonge vya uzazi wa mpango kwa sababu ndivyo vinavyopatikana. Estrojeni iliyomo humo huongeza hatari ya damu kuganda, zaidi ukivuta sigara, na dawa za saikosisi nazo huongeza hatari hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, nenda hospitali. Kabamazepini hupunguza nguvu ya homoni. Litiamu pamoja na spironolaktoni inaweza kujikusanya kwenye damu: mikono inatetemeka, unatapika, unayumba. Usichanganye hizo mbili bila kupimwa damu. Usichangie sindano na mtu hata mmoja.

Na sigara: moshi wake hupunguza kiwango cha olanzapini mwilini. Uliyekaa wodini bila kuvuta kisha ukarudi nyumbani ukaanza, dozi ile ile inaweza isitoshe.

Hofu ya kweli na hofu ya ugonjwa

Hapa ndipo miongozo ya nchi nyingine haitusaidii. Daktari wa London akisikia mgonjwa anasema "majirani wananichunguza, polisi watakuja," anaandika dalili. Kwa kijana transi wa Bwaise au Busia, majirani wanaweza kweli kuwa wanamchunguza, mwenye nyumba akamfukuza, na polisi wakaja kwa kuitwa. Ukimwambia kila hofu yake ni ugonjwa, unamdanganya na anaacha kukuamini. Ukiikubali kila hofu, unaulisha ugonjwa. Mnahitaji njia ya kuzipambanua, na lazima mkubaliane juu yake siku ambazo mgonjwa ametulia.

Chukua hofu moja moja. Jiulize umejuaje: je, mtu fulani alisema neno fulani, mahali fulani, au umejua tu? Hatari ya kweli huwa na mdomo na saa: mtoto wa jirani alisema baba yake anataka kwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Hofu ya ugonjwa mara nyingi hutoka kwenye ishara: rangi ya shati la mtu wa bodaboda, mtangazaji wa redio aliyekohoa ulipowasha. Kisha tazama inavyotanuka. Hatari ya kweli ina mipaka, ni nyumba hii, ni mtu yule. Ya ugonjwa huenea hadi kila mtu kwenye teksi anajua jina lako. Angalia pia usingizi. Hofu iliyokuja baada ya kukesha siku kadhaa, itilie shaka hata kama ina mantiki. Halafu mpe mtu wako mmoja aihakiki, mliyekubaliana mapema kwamba neno lake mtalizingatia.

Mazungumzo yenyewe yaweza kwenda hivi:

"Dada, wanakuja usiku huu. Nimesikia wakipanga."

"Pole sana, naona umeogopa. Umewasikia kwa masikio, au ni zile sauti?"

"Sijui. Zinatoka ukutani."

"Sawa. Mimi sijazisikia, lakini nipo. Tufunge mlango, unywe dawa yako, nami nikeshe kidogo. Asubuhi nitamuuliza mama wa chumba cha pili kama kuna lolote."

Dada hakusema ni uongo wala hakusema ni kweli. Alitoa ulinzi unaofaa kwa hali zote mbili, na asubuhi aende kweli kuuliza. Ikigundulika hatari ipo, mhamisheni kijana kwa jamaa kwa siku chache, akiwa na dawa zake na daftari. Kumshawishi atulie mahali ambapo hakuna usalama ni kumuumiza mara mbili.

Sehemu ya tiba ni kupunguza hatari halisi. Simu iwe na namba ya siri, na picha na mazungumzo yanayoweza kukuponza yafutwe. Zima vikundi vinavyosambaza habari za kukamatwa saa zote, mtu wako akusomee yale unayohitaji kujua tu. Akili inayopona haiwezi kubeba taharuki ya nchi nzima kila usiku.

Kwa mama, dada, shangazi na rafiki

Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba lawama, kelele na kukosolewa kila saa ndani ya nyumba huongeza uwezekano wa saikosisi kurudi. Kwa hiyo upole wako ni sehemu ya matibabu. Kama bado hujaelewa utransi wa mwanao, huna haja ya kuelewa yote wiki hii. Mwite jina analolipenda mkiwa wawili, na usilete wageni wa kumhubiria. Ongea kwa sentensi fupi. Punguza redio. Alale na kuamka saa zile zile, ale hata kama ni uji na ndizi mara tatu kwa siku, aoge, atembee kidogo jioni. Dawa azimeze mbele yako, ukiwa humsimamii kama askari.

Nawe pumzika. Tafuteni mtu wa pili wa kupokezana, awe anayejua yote au anayejua ugonjwa tu.

Miezi inayofuata

Sauti zikishatulia, mara nyingi huja huzuni. Kijana anakumbuka alichosema hadharani, nani alimwona akikimbia barabarani, siri gani ilimtoka. Kipindi hiki kina hatari kubwa ya kujiua, nacho hupita kimya kwa sababu familia inasema "sasa amepona." Muulize wazi kama anawaza kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo. Kama anawaza, ondoa sumu, kamba na akiba ya vidonge, asiachwe peke yake, na mrudi kliniki. Huzuni hii nayo ina tiba.

Akili itakuwa nzito kwa muda: kusoma ukurasa mmoja kunachosha, kuhesabu chenji kunachukua dakika. Anza na kazi ya nusu siku, somo moja, kibanda cha ndugu. Achana na bangi moja kwa moja. Kwa aliyewahi kupata saikosisi, ndiyo njia ya mkato ya kurudi wodini.

Waliopitia haya wanasaidia kuliko wengi wetu. Butabika, kwa ushirikiano na watu wa East London, Uingereza, iliwahi kuwafundisha waliopona kuwasaidia wenzao, na Mental Health Uganda ni chama cha wenye uzoefu wa magonjwa ya akili. Kuhusu vituo vya watu transi, vingi vilifungwa au kupunguza huduma misaada ya Marekani ilipokatwa mapema 2025, kwa hiyo usiende kwa anwani ya zamani kabla ya kumuuliza aliyefika hivi karibuni.

Karatasi moja

Ukiwa umetulia, andika ukurasa mmoja kwa mkono wako, mbele ya mtu wako. Usiandike popote kwamba wewe ni transi. Anayetakiwa kujua ameshajua. Uwe na mambo haya:

"Ugonjwa wangu ukianza kurudi, huanza hivi: silali usiku mbili, nazima simu, nasema watu wa redio wananitaja. Mkiona hayo msingoje, nipelekeni kliniki siku inayofuata. Dawa inayonifaa ni hii, dozi hii. Iliyonidhuru ni hii. Dawa nyingine ninazotumia ni hizi. Msinifunge kamba. Msinipeleke mahali pa kuombewa bila dawa. Anayeruhusiwa kuniamulia nisipoweza ni dada yangu. Asiyetakiwa kuambiwa nilipo ni huyu. Niiteni kwa jina la ukoo. Nikisema sitaki kwenda, nikumbusheni kwamba karatasi hii niliiandika mwenyewe nikiwa mzima."

Tia tarehe na saini. Nakala moja akae nayo mtu wako, moja ikae kwa mhudumu uliyemwamini, na moja uibebe nyuma ya kadi ya kliniki. Dozi ikibadilika, andika nyingine na uchane ya zamani.